Mwanafunzi Akiugua Ughaibuni, Aseme Mapema

Kijana anayekwenda kusoma ng'ambo huagwa kwa mawaidha mengi. Huambiwa asome kwa bidii, achague marafiki, ashike dini yake, akumbuke alikotoka na waliomchangia. Ni nadra kusikia mzazi au mjomba akimwambia la kufanya endapo ataugua katikati ya muhula, mwili ukagoma au akili ikachoka kiasi cha kushindwa kubeba masomo yote aliyojiandikisha. Ukimya huo una gharama kubwa. Nchini Marekani, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanasoma kwa viza ya F-1, sheria inamruhusu mwanafunzi mgonjwa kupunguza masomo, hata kuyaacha yote kwa muda, bila kupoteza haki ya kukaa nchini humo. Lakini ruhusa hiyo humfaa anayesema kabla. Anayenyamaza na kujipunguzia mwenyewe huhesabiwa kuwa amevunja masharti ya viza. Hoja yangu ni kwamba kupunguza masomo kwa sababu ya maradhi ni njia halali na ya busara ya kuikamilisha safari ya elimu, na kwamba sisi tuliobaki nyumbani tuna sehemu kubwa ya lawama pale vijana wanapoiona kuwa aibu mpaka wakati wake unawapita.

Tuanze na sheria yenyewe, maana yanayosimuliwa kuihusu mara nyingi yamechanganywa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1, katika chuo kinachokwenda kwa mihula, anatakiwa kuwa na angalau krediti 12 kila muhula. Somo la kawaida huwa na krediti 3, kwa hiyo tunazungumzia masomo manne. Katika hayo, ni somo moja tu la mtandaoni linaloweza kuhesabiwa, hivyo mgonjwa hawezi kujifungia chumbani akasomea yote kwenye kompyuta. Kila chuo kina afisa anayetambuliwa na serikali kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, na kumbukumbu za kila mwanafunzi huwekwa kwenye mfumo wa serikali uitwao SEVIS, ulioanza kutumika mwaka 2003. Mwanafunzi akiugua, humpelekea afisa huyo barua ya daktari mwenye leseni, au ya mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, inayopendekeza apunguziwe masomo. Afisa akiridhika, huingiza ruhusa kwenye mfumo, na tangu hapo mwanafunzi anaweza kuchukua masomo mawili, moja, au asichukue lolote, akabaki mkaazi halali anayeendelea na matibabu. Ruhusa huombwa upya kila muhula, na jumla yake haizidi miezi 12 katika ngazi moja ya elimu. Isichanganywe na ruhusa nyingine wanayopewa waliotatizwa na lugha au na mtindo wa ufundishaji wa Marekani. Hiyo hutolewa mara moja tu kwa kila ngazi, na mwanafunzi lazima abaki na angalau nusu ya mzigo wake.

Jambo zito hapa ni kipi kinatangulia. Tumtazame mwanafunzi mwenye masomo manne, krediti 12 kamili, muhula ukiwa umefika wiki ya saba. Usingizi umempotea, hospitali anakwenda kila juma, na maabara ya kemia imemshinda. Usiku anafungua ukurasa wa usajili wa chuo, anabofya jina la somo la kemia, anachagua kuliondoa, anathibitisha. Mfumo unakubali papo hapo. Haumuulizi ana viza gani wala anaumwa nini, kwa sababu ukurasa ni ule ule unaotumiwa na wanafunzi wote, wenyeji na wageni. Kulipokucha ana krediti 9. Mwenzake Mmarekani angefanya hivyo hivyo, na mambo yangeishia kwa mshauri wake wa masomo. Yeye ameshavunja masharti, na afisa wa chuo ana siku 21 za kuiarifu serikali. Akitaka kurudishiwa hadhi yake, itabidi aombe idara ya uhamiaji, kwa kawaida ndani ya miezi mitano, alipe ada, aambatishe ushahidi, kisha asubiri. Mlango haukufungwa kabisa, maana sheria inautaja ugonjwa mzito miongoni mwa sababu zinazoweza kukubalika, na inamfikiria hata yule ambaye afisa angemruhusu kama angeombwa mapema. Lakini uamuzi sasa uko mikononi mwa watu wasiomjua, na wakikataa, hakuna rufaa. Barua ile ile ya daktari, kama ingefika ofisini siku chache kabla ya kubofya, ingeyazuia yote hayo.

Sasa tujiulize kwa nini mtoto mwenye akili, aliyeshinda mitihani migumu mpaka akapata chuo ng'ambo, ashindwe kuandika ujumbe wa mistari mitatu kwa afisa ambaye kazi yake ni kumsaidia. Kutojua ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni namna tunavyowasafirisha watoto wetu. Elimu ya ng'ambo kwetu imekuwa mradi wa watu wengi tangu zamani. Septemba 1959, ndege iliyowachukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda New York, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, iliondoka baada ya familia na jamii zao kuchangishana ili kupata sehemu ya gharama. Utaratibu huo haujafa. Mpaka leo kiwanja huuzwa, ng'ombe hutolewa, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa na majina ya wachangiaji huorodheshwa moja moja na kiasi walichotoa. Ni desturi nzuri, na wengi wetu tusingefika popote bila hiyo. Ubaya wake ni kwamba kijana huondoka akiwa na orodha ile kichwani, na kila anapopiga simu nyumbani huhisi anatoa ripoti kwa wote waliomo. Anapoulizwa hali, hujibu kuwa anaendelea vizuri, kwa sababu ndilo jibu pekee ambalo mchango ule unaonekana kuliruhusu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaijua methali hiyo, na bado tunawawekea watoto mazingira ambayo kuficha ndiko kunakoonekana kuwa adabu.

Na maradhi yenyewe si ya kubuni. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Huduma zimeendelea kuwa bora, na wenye ugonjwa huo wanasoma, wanafaulu na wanasafiri. Baridi kali, upungufu wa maji mwilini na uchovu ni vichochezi vinavyojulikana vya maumivu makali ya selimundu. Kijana aliyeishi Mwanza miaka yote bila kulazwa mara kwa mara anaweza kujikuta Minnesota mwezi Januari, ambako joto hukaa chini ya nyuzi sifuri siku nyingi mchana na usiku, akilazwa mara mbili katika muhula mmoja. Hajawa mvivu wala hajabadilika tabia, mahali pamebadilika. Sonona nayo ina njia zake za kumfikia mgeni: upweke, giza la majira ya baridi linaloingia saa kumi na moja jioni, mawazo ya ada, hofu ya kuwaangusha watu. Watafiti waliowachunguza wanafunzi wa kigeni wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007, waliona kwamba takriban 44 katika kila 100 walikuwa wamepata, ndani ya mwaka mmoja, tatizo la kihisia au la msongo lililowaathiri sana kiafya au kimasomo. Waliona pia kwamba wageni walikuwa wazito kuliko wenyeji kutumia huduma za ushauri. Matokeo hayo mawili tuyasome pamoja: wenye shida ni wengi, na wanaokwenda kuisema ni wachache.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malezi ya kudekeza, kwamba waliotangulia walisoma kwa shida na hawakupunguziwa kitu, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Nauheshimu msimamo huo kwa sababu umebebwa na watu waliovumilia kweli. Lakini uvumilivu una lengo, na lengo la mwanafunzi ni kumaliza masomo akiwa na afya ya kuyatumia. Anayebeba masomo manne akiwa mgonjwa, akafeli matatu, hakuvumilia hadi mwisho. Alijizuia kuufikia mwisho. Tena, kupunguza masomo kunadai uvumilivu wa aina nyingine ambao huwa hatuusifu: kukubali kwamba wenzako watavaa majoho kabla yako, kwenda kliniki kila wiki, kunywa dawa kwa saa zake, na kuwaeleza wazazi ukweli ambao hawakutaka kuusikia. Hao waliotangulia tunawasimulia kwa majina ya waliorudi na vyeti. Waliorudi wagonjwa, au wasiorudi kabisa, hatuwasimulii, na kwa hiyo ushahidi wetu wa kwamba kukaza meno hufaulu ni ushahidi wa upande mmoja.

Pingamizi la pesa ni gumu zaidi, na sitalipita juu juu. Muhula mmoja wa ziada una kodi ya nyumba, chakula, bima na pengine ada kamili. Baadhi ya ufadhili hutolewa kwa sharti la kusoma muda wote, na wanamichezo, wakiwamo wakimbiaji wengi wa Kenya walio katika vyuo vya Marekani, kwa kawaida hawaruhusiwi kushindana wakiwa na masomo pungufu. Bima nyingine za vyuo pia zimefungwa na idadi ya krediti. Kwa hiyo si kweli kwamba kupunguza hakuna hasara. Swali ni hasara ipi kubwa. Somo lililofeliwa limelipiwa na litalipiwa tena. Wastani wa alama ukishuka chini ya kiwango, ufadhili huondoka na mwanafunzi huwekwa chini ya uangalizi, na hapo linakuja jambo ambalo familia nyingi hazilijui: muda wa masomo ulioandikwa kwenye fomu ya I-20 unaweza kuongezwa kwa sababu za ugonjwa uliothibitishwa, lakini ucheleweshaji uliotokana na kuwekwa chini ya uangalizi au kusimamishwa kwa sababu ya alama haukubaliwi kuwa sababu. Maana yake ni kwamba ugonjwa ule ule, ukiandikwa mapema na daktari, humpa mwanafunzi muda. Ukifichwa ukageuka kuwa alama mbaya, humnyima. Familia inayohofia pesa ina kila sababu ya kumhimiza kijana aseme mapema, aulize ofisi ya ufadhili na ofisi ya bima kabla ya kuondoa somo lolote, na aombe kuongezewa muda kabla tarehe ya mwisho kwenye I-20 haijafika.

Wengine wana hofu ya serikali. Wanasema kuandika ugonjwa kwenye mfumo wa uhamiaji ni kujianika kwa watu wanaotafuta sababu ya kukufukuza. Hofu hii siwezi kuiita ya kipumbavu. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2025, kumbukumbu za maelfu ya wanafunzi wa kigeni zilifungwa ghafla kwenye SEVIS, mpaka kesi zilizofunguliwa mahakamani zikailazimu serikali kutangaza mwishoni mwa Aprili kwamba inazirudisha. Agosti mwaka huo huo ukatolewa mpango wa kuweka ukomo wa miaka minne kwa muda ambao mwanafunzi huruhusiwa kukaa, badala ya utaratibu wa kukaa mradi masomo yanaendelea. Mwenye kusikia hayo ana haki ya kutetemeka. Lakini katika mazingira kama hayo ulinzi wa mwanafunzi ni karatasi zilizonyooka. Ruhusa ya ugonjwa iliyoingizwa na afisa inamwonyesha mtu anayefuata masharti. Krediti 9 zisizo na maelezo zinamwonyesha mtu aliyeyavunja, na mfumo hauoni homa iliyokuwa nyuma yake. Kadiri serikali inavyokuwa kali, ndivyo kunyamaza kunavyozidi kuwa hatari. Inafaa kujua pia kwamba kurudi nyumbani kutibiwa ni njia nyingine halali, ila nayo ina utaratibu: afisa akiidhinisha kuondoka, mwanafunzi hupewa siku 15 za kutoka nchini, na akikaa nje zaidi ya miezi mitano kwa kawaida huanza upya na kumbukumbu mpya. Njia zote mbili zinaanzia mezani kwa afisa yule yule.

Na ruhusa isije ikatumiwa na wavivu? Atakayeitafuta kwa hila lazima ampate daktari aliye tayari kuhatarisha leseni yake, arudi kuomba kila muhula, na akumbuke kwamba miezi 12 ikiisha hakuna nyingine katika ngazi hiyo. Kasoro ninayoiona mimi iko upande wa pili: sheria inambana mgonjwa wa kweli. Miezi 12 inamtosha aliyevunjika mguu au aliyepata ajali. Mwenye selimundu, kifafa au lupasi, katika shahada ya miaka minne, anaweza kuimaliza kabla ya mwaka wa tatu kwisha, na maradhi yake hayajui ukomo huo. Kizuizi kingine ni barua inayokubalika. Mwanafunzi aliyekutana kwa miezi na mshauri nasaha wa chuo, akamweleza yote, anaweza kuambiwa barua ya mshauri huyo haitoshi kwa sababu si daktari wala mwanasaikolojia wa tiba, akalazimika kuanza na mtu mpya wakati muhula unakimbia. Na bado Marekani si nchi yenye mlango mwembamba kuliko zote. Kanada huruhusu likizo ya masomo ya hadi siku 150 kwa sababu kama ugonjwa, huku mwanafunzi akihesabiwa kuwa anaendelea na masomo. Uingereza, chuo kwa kawaida hutakiwa kuacha kumdhamini mwanafunzi atakayesimamisha masomo kwa zaidi ya siku 60, isipokuwa kwa sababu za kipekee. Kwa hiyo ushauri wa jirani aliyesomesha mtoto London usimwongoze mwanafunzi aliyeko Texas, wala wa aliyeko Toronto usimwongoze aliyeko Leeds. Kila nchi ina kanuni yake, na mwenye jibu ni ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo husika.

Tunaweza kufanya nini? Vyama vya wanafunzi wa Kitanzania, wa Kenya na wa Uganda vilivyoko vyuoni huwapokea wageni uwanja wa ndege, huwaonyesha maduka ya unga na namna ya kufungua akaunti benki. Waongeze maelezo ya nusu saa kuhusu krediti, afisa wa chuo na barua ya daktari, yatolewe wiki ya kwanza kabla mtu hajaugua, maana aliyelemewa na ugonjwa hana nguvu ya kuanza kujifunza kanuni. Mawakala wanaotafutia vijana vyuo, na ambao hulipwa kwa kazi hiyo, wawaeleze wazazi sharti la muda wote na njia zake za dharura kwa lugha wanayoielewa. Balozi zetu ziliweke jambo hili kwenye maelezo ya awali kwa wanafunzi, zisingoje mpaka habari za msiba. Mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu asafiri na nakala ya taarifa zake za hospitali, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza kama ziliandikwa kwa Kiswahili, ili daktari mpya asianze gizani. Viongozi wa dini, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuombwa dua na maombi kijana anapougua mbali, wamhimize aombe na pia aende kliniki.

Lakini neno la kwanza linatoka nyumbani. Mzazi, shangazi, kaka uliyechanga: kabla mtoto hajapanda ndege, mwambie kwa kinywa chako kwamba mchango wenu ulikuwa kwa ajili yake, na kwamba mwaka mmoja wa kuchelewa mtaustahimili. Akipiga simu, usiishie kuuliza masomo. Uliza analala saa ngapi, anakula nini, mara ya mwisho kumwona daktari ilikuwa lini. Akikuambia amepunguza masomo ili atibiwe, usimtajie wenzake waliomaliza. Muulize kama afisa wa chuo ameshaidhinisha, na kama hajaidhinisha, mwambie asiondoe somo hata moja mpaka ruhusa itoke. Na wewe mwanafunzi unayesoma haya ukiwa na mwili mzito na muhula ungali mbichi, nenda kwa daktari wiki hii, chukua barua, ipeleke ofisini, kisha upunguze. Cheti kilichochelewa mwaka mmoja kina thamani ile ile ya kilichotoka kwa wakati, na hakuna mwajiri wala mzazi atakayekidharau kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa juu yake.